Rangi kuukuu, vumbi la msasa na mtoto anayetambaa: je, tuhamie sasa au tusubiri?

"Mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya zamani ambayo imepakwa rangi mara nyingi, tabaka juu ya tabaka. Tuna mtoto wa miaka 4 na mwingine wa miezi 14. Tulipanga kuhamia na kukarabati chumba kimoja baada ya kingine tukiwa humo humo, kwa kuwa hatumudu kulipia makazi mawili kwa muda mrefu. Wiki iliyopita fundi alianza kupiga msasa milango na madirisha ya chumba cha watoto, na vumbi jeupe likatanda hadi ukumbini, siku ambayo watoto walikuwepo. Ndugu mmoja ametuambia kwamba rangi za zamani zina risasi, yaani yale madini mazito yenye sumu, na ni lazima tuibandue yote hadi kwenye mbao. Fundi anasema hiyo ni hofu tu, tupake rangi mpya juu yake na mambo yatakwisha. Mama mkwe anasema watoto wakinywa maziwa ya kutosha sumu haitawapata. Mdogo wangu, ambaye ni mjamzito, alikuwa akitusaidia kufagia. Nani yuko sahihi, na tufanye nini?"

Ndugu yangu, kabla sijasema nani yuko sahihi, naomba msasa usimame leo na ufagio uwekwe kando. Vumbi ambalo limekwisha kutanda linaweza kusafishwa, nami nitaeleza namna, lakini kila saa ya kazi kavu inayoongezwa juu yake inaufanya usafi huo kuwa mgumu zaidi. Watoto wasiingie katika nyumba hiyo kwa sasa, hata kwa ziara fupi ya kutazama kazi ilipofikia.

Swali lako lina maswali matatu ndani yake: kama rangi hiyo ni hatari, kama dawa yake ni kuibandua yote, na kama familia yenye watoto wadogo inaweza kuishi ndani ya nyumba inayokarabatiwa. Ndugu yenu yuko sahihi kuwa na wasiwasi kuhusu risasi, ila amekosea kuhusu tiba yake, kwa sababu kubandua rangi yote hadi kwenye mbao ndiyo kazi inayozalisha vumbi jingi kuliko zote. Fundi yuko sahihi kwamba rangi ya zamani inaweza kufunikwa, lakini si kila mahali, na si baada ya kuipiga msasa mkavu. Mama mkwe ana hoja ndogo kuhusu lishe, ambayo nitaifikia.

Risasi haikuingia katika rangi kwa bahati mbaya. Watengenezaji waliiweka kwa makusudi, kwa sababu rangi yenye risasi nyeupe ilifunika vizuri, ilikauka haraka na ilistahimili unyevu kwa miaka mingi, na misombo mingine ya risasi ilitoa manjano na rangi ya chungwa iliyokolea. Madhara yake kwa watoto yalijulikana mapema kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 1904 daktari mmoja wa macho mjini Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiugua sumu ya risasi waliipata kwenye rangi iliyokuwa ikichakaa katika baraza na kuta za nyumba zao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia, isipokuwa kwa mambo machache, matumizi ya risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo. Hata hivyo Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978 tu, nchi nyingine zilifuata baadaye zaidi, na zipo ambazo hadi leo hazina sheria inayotekelezwa. Kwa hiyo umri wa nyumba hukupa dalili lakini haukupi jibu, na jicho halikupi chochote, kwa kuwa rangi yenye risasi haitofautiki na isiyo nayo. Kwa kawaida rangi ya mafuta, ile inayong'aa na kupakwa kwenye milango, fremu, vizingiti na vyuma, ndiyo ya kushukiwa kwanza, kuliko rangi ya maji ya ukutani. Fundi wenu, bila kujua, alianzia mahali pabaya zaidi.

Sasa nieleze jinsi madhara yanavyotokea, kwa maana hapo ndipo uamuzi wote unaposimama. Rangi yenye risasi iliyoshika vizuri ukutani, isiyopasuka wala kusuguliwa, haimdhuru mtu kwa kuwepo tu. Inaanza kudhuru pale inapogeuka kuwa chembe. Msasa mkavu huisaga kuwa unga mwembamba ambao huelea, husafiri hadi vyumba vingine, kisha hutua sakafuni, kwenye kingo za madirisha, juu ya magodoro na vitu vya kuchezea. Mtu mzima hupita juu yake akiwa amevaa viatu. Mtoto wa miezi 14 hutambaa juu yake kwa viganja na magoti, na kila kilicho kiganjani mwake huishia kinywani, kwa kuwa katika umri huo kinywa ni chombo chake cha kuujua ulimwengu. Watu huwaza juu ya mtoto anayetafuna kipande cha rangi, jambo ambalo kweli hutokea, lakini njia iliyo ya kawaida zaidi ni hii ya vumbi lisiloonekana linaloingia kidogo kidogo, siku baada ya siku.

Likiisha kuingia tumboni, mwili wa mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi kuliko mwili wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema tofauti hiyo ni mara 4 hadi 5. Sababu ni kwamba mwili unaokua una njaa ya madini, nao huichukua risasi kana kwamba ni kalsiamu au madini ya chuma. Huipeleka katika damu, katika ubongo ambao bado unajengwa, na katika mifupa, ambako hukaa kwa miongo. Madhara yake ni juu ya uwezo wa kujifunza, umakini, tabia na ukuaji, na ugumu wake mkubwa ni kwamba kwa viwango vya chini hayana dalili: mtoto hucheza, hula na hulala kama kawaida. Hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nakuambia hili ili uelewe kwa nini maneno ya "mbona sisi tulikulia katika nyumba kama hizo" hayawezi kutumika kama kipimo. Wakati huohuo, siku chache za vumbi si hukumu juu ya maisha ya mtoto. Kinachoumiza zaidi ni kuendelea kwa miezi, na hicho bado kiko mikononi mwenu kukizuia.

Kuhusu maziwa: mtoto mwenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye upungufu, na tumbo lenye chakula hufyonza kidogo kuliko tumbo tupu. Hapo mama mkwe ana ukweli wake. Lakini maziwa hayaifuati risasi iliyokwisha kuingia na kuitoa, wala hayawezi kushindana na sakafu iliyojaa vumbi. Walisheni watoto vizuri, wapimwe kama wana upungufu wa damu, na msiichukue lishe kuwa kinga inayoruhusu kazi kavu iendelee.

Mdogo wako asirudi katika nyumba hiyo hadi kazi ya vumbi iishe na usafi ukamilike. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Aeleze kliniki anakohudhuria kwamba alifagia vumbi la rangi ya zamani, ili waamue kama damu yake ipimwe. Hakukosea kusaidia; kufagia ndiko kila mtu hukimbilia anapoona vumbi.

Tuje kwenye vumbi lililopo. Ufagio hulirusha hewani, na kifyonza vumbi cha kawaida hutema chembe nyembamba kabisa kupitia mgongoni mwake, hivyo kama mtatumia mashine, iwe yenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata chembe hizo nyembamba. Mkiikosa, maji yatafanya kazi kubwa. Mtu mzima mmoja asiye mjamzito avae barakoa inayochuja chembe ndogo, kwa kuwa kitambaa cha kawaida hakitoshi, na nguo atakazozivua palepale. Aanze na chumba kilicho mbali zaidi na mlango wa kutokea, kutoka juu kwenda chini: juu ya milango, fremu, kingo za madirisha, kisha sakafu. Awe na ndoo mbili, moja ya maji yenye sabuni na nyingine ya kusuuzia, maana anayetumia ndoo moja hulisambaza vumbi lilelile kwa uaminifu kutoka chumba hadi chumba. Tambara likunjwe, litumiwe upande mmoja kwa mpigo mmoja, ligeuzwe, na maji yabadilishwe kila chumba, na mapema zaidi yakichafuka. Maji machafu yamwagwe chooni, kamwe si uani ambako watoto watacheza. Matambara yafungwe katika mfuko na kutupwa. Sakafu ikikauka, kazi yote irudiwe. Vitu vigumu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni. Zulia lililokuwa wazi wakati wa msasa ni gumu mno kusafishika, na kwangu mimi zulia kuukuu la namna hiyo litoke tu.

Chunguza hasa madirisha. Ukifungua dirisha la mbao linaloteleza au linalobana katika fremu yake, tazama ule mfereji wa chini ambamo ubao hukalia: mara nyingi utakuta unga wa kijivu uliochanganyika na magamba madogo ya rangi na wadudu waliokauka. Unga huo haukuletwa na fundi wako. Umetokana na ubao kusuguana na ubao kila dirisha linapofunguliwa, na utaendelea kujitengeneza hata kama kuta zote zitapakwa rangi mpya. Ndiyo maana nilisema ushauri wa kupaka juu yake haufai kila mahali: sehemu inayosuguana, kama dirisha, ukingo wa mlango unaokwaruza fremu, au kidato cha ngazi, huila rangi mpya upesi na kuifikia ya zamani.

Kabla ya kuamua zaidi, hakikisheni kama risasi ipo kweli. Njia yenye kutegemeka na isiyo na anasa ni kupeleka sampuli ya rangi maabara, na sampuli hiyo lazima ichukue tabaka zote hadi kwenye mbao, kwa maana tabaka la juu linaweza kuwa safi ilhali la tatu ndilo lenye sumu. Ilowesheni sehemu hiyo kabla ya kuikata, na mchukue sampuli kutoka dirishani, mlangoni na ukutani, kila moja katika mfuko wake. Wakaguzi wengine wana kifaa cha eksirei kinachoshikwa mkononi, ambacho husoma tabaka zote bila kuharibu chochote, na kama mnaweza kumpata mkaguzi wa aina hiyo atawaokoa muda mwingi. Vipo pia vijiti vya kupima ambavyo hubadilika rangi. Jibu la vijiti hivyo la "ipo" linafaa kuchukuliwa kwa uzito, lakini jibu la "haipo" silitegemei, kwa kuwa havifikii tabaka za ndani na lipu yenye jasi inaweza kuvivuruga. Mkikosa vipimo kabisa, ichukulieni rangi hiyo kuwa ina risasi.

Ikithibitika, mna njia nne, na nyumba moja kwa kawaida huhitaji zaidi ya moja. Kuta zilizoshika vizuri zioshwe kwa maji na kupakwa rangi mpya, basi. Huko fundi atakuwa amesema kweli. Ukuta unaopukutika kwanza utafutiwe sababu, ambayo mara nyingi ni unyevu kutoka kwenye paa au bomba, kwani rangi mpya iliyopakwa juu ya magamba itaanguka pamoja nayo. Ukuta uliochakaa mno unaweza kufunikwa kwa mbao au bodi ya jasi iliyozibwa kingo zake. Milango na madirisha ya chumba cha watoto, kama mfuko wenu unaruhusu jambo moja tu kubwa, ndiyo ningeyabadilisha, kwa kuwa kuyang'oa yakiwa yameloweshwa na kufungwa katika nailoni huondoa chanzo chote kwa siku chache. Kubandua ndiyo njia ya mwisho, nayo ifanywe kwa msasa wa maji au, bora zaidi, mlango utolewe kwenye bawaba ukashughulikiwe mbali na nyumba. Moto wa wazi usitumike kamwe, na kifaa cha kupuliza hewa moto kikizidi takriban nyuzi joto 590 za Selsiasi hugeuza risasi kuwa moshi unaovutwa moja kwa moja mapafuni. Dawa za kubandulia zenye dikloromethani nazo ziachwe, kwani mvuke wake umewahi kuua mafundi katika vyumba visivyopitisha hewa.

Sasa suala la kuishi humo humo. Natambua kwamba kulipia makazi mawili ni mzigo, lakini mpango wa chumba kimoja baada ya kingine una kasoro ambayo haionekani kwenye karatasi: unachukua vumbi ambalo lingekuwepo kwa wiki chache na kulitandaza katika mwaka mzima, na katika muda wote huo mtoto mdogo anatambaa. Ushauri wangu ni mgeuze utaratibu wa kazi badala ya kutafuta fedha zaidi. Kazi zote zinazovunja, kukata, kusugua au kutoboa rangi ya zamani, katika vyumba vyote, zifanywe kwanza na kwa mfululizo, hata kama vyumba vingine vitabaki vimeachwa nusunusu. Familia ikae kwingine kwa kipindi hicho peke yake. Usafi wa maji ukishakamilika mara mbili, hamieni, hata kama nyumba haipendezi. Rafu, taa, mapazia, vigae vya jikoni na rangi ya mwisho ya kuta zisizo na shida vinaweza kusubiri mshahara hadi mshahara, ilimradi chumba kinachopakwa rangi kipitishe hewa na watoto wasilale humo hadi harufu iishe.

Kama kuondoka kabisa hakuwezekani, basi nyumba igawanywe kweli, kwa sababu mlango uliofungwa tu hauzuii vumbi. Sehemu ya kazi izibwe kwa nailoni nzito iliyogandishwa kwa utepe kuanzia dari hadi sakafuni, na sakafu yake itandikwe nailoni pia. Fundi apite mlango wake mwenyewe wa nje, avue viatu na nguo za kazi kabla ya kutoka. Choo, jiko na vyumba vya kulala visiwe ndani ya sehemu hiyo wala njia ya kuvifikia isipite humo. Kila jioni sehemu isafishwe kwa maji, na kazi ikiisha mngoje saa moja vumbi litue kabla ya usafi wa mwisho. Nyumba isiyoweza kugawanywa hivyo haifai kukaliwa na watoto wakati wa kazi, na mpango huo msiujaribu kwa matumaini.

Zungumza na fundi kwa heshima lakini mapema, na makubaliano yaandikwe. Muulize atailowesha vipi rangi kabla ya kuigusa, ataziba vipi chumba, na taka atazipeleka wapi. Akicheka, tafuta mwingine. Wengi hubadilika wanapoambiwa kwamba wao ndio wanaovuta vumbi hilo kila siku, na kwamba nguo zao za kazi hulipeleka nyumbani kwa watoto wao wenyewe.

Mambo mengine mawili ya nyumba za zamani, kwa ufupi. Mabati ya saruji ya zamani yanaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo zikivutwa hudhuru mapafu. Yasikatwe, yasitobolewe wala kusuguliwa hadi mtu mwenye ujuzi ayaone. Na kama mabomba ya maji ni ya zamani sana, maji yapimwe, kwa sababu kuchemsha hakuondoi risasi.

Limebaki jambo la damu, ambalo nisingeliahirisha. Wapeleke watoto wote wawili kupimwa kiwango cha risasi, hata kama wanaonekana wazima, kwa kuwa walikuwepo vumbi lilipotanda. Kipimo cha tone la kidoleni kinaweza kuonyesha kiwango cha juu kwa sababu tu ngozi ilikuwa na vumbi, kwa hiyo jibu la juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema kuwa kuanzia mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Matibabu ya kuitoa risasi mwilini kwa watoto huhusu viwango vya juu zaidi sana, takriban 45 na kuendelea, na hutolewa chini ya usimamizi wa daktari pekee. Msimpe mtoto mitishamba au vidonge vya "kusafisha damu", ambavyo vingine vimewahi kukutwa na risasi vyenyewe. Mtoto akitapika mara kwa mara, akilia kwa maumivu makali ya tumbo, akilegea isivyo kawaida, akiyumba au akipata degedege, asisubiri miadi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Damu huonyesha zaidi yaliyoingia katika wiki za karibuni, kwa hiyo mweleze daktari tarehe msasa ulipoanza na ulipokoma, umpe majibu ya sampuli za rangi kama yametoka, na umuulize lini watoto warudi kupimwa tena.